Kuunyoa Ukuta wa Mkunga

Mimi ni fundi wa lipu, na kabla hujauliza, ndiyo, ni mwanamke, na ndiyo, jukwaani napanda mwenyewe. Wengine huiita plasta. Ni ule mchanganyiko wa saruji na mchanga tunaouvisha ukuta usikae uchi. Kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu. Mama alifariki kabla sijajua kufunga kamba za viatu, na mjomba, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuniweka, aliniweka kwenye toroli akaenda nami kazini. Nimekulia humo, baina ya karai na chekeche, na atakayenionea huruma kwa hilo nitamkasirikia.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimependa, tena kupenda kule kwa kuchekacheka peke yako njiani mpaka watu wakakupisha. Nilimpenda kinyozi. Tulijuana siku mjomba alipokwenda kunyolewa bila kuoga, nywele zimeganda saruji, kitana kikakatika meno kichwani mwake. Yule kinyozi akakitazama kitana, akakitazama kichwa, kisha akaniuliza kwa adabu zote kama mzee niliyemleta ni binadamu au ni nguzo. Nilicheka hadi nikakaa chini. Mjomba hakucheka, lakini jioni aliniambia kijana yule ana mikono mitulivu, na kwa mjomba hakuna sifa iliyo juu ya hiyo.

Kilichobaki kilikuwa mama yake.

Mama yake alikuwa mkunga mstaafu, na mtaa mzima ulimwita hivyo, Mkunga. Nusu ya watu wa mtaa ule walipita mikononi mwake siku ya kwanza ya maisha yao, na hakuacha kuwaamrisha tangu siku hiyo. Kila mtu kwake alikuwa "mwanangu". Muuza mkaa, mwanangu. Askari wa zamu, mwanangu. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwita mwanangu paka aliyekuwa anamfukuza jikoni. Mimi peke yangu aliniita Fundi. "Kaa, Fundi." "Kunywa chai, Fundi." Si kwamba alinichukia, alinikaribisha vizuri na kikombe changu hakikuwahi kuwa kitupu. Ila mwanawe alipomwambia anataka kunioa, alijibu kwamba atafikiri, na akafikiri, na akaendelea kufikiri mpaka sisi wawili tukaanza kukonda. Bila ruhusa yake kinyozi hakuwa tayari kuoa, na mimi, nikisema kweli, sikuwa tayari kuolewa. Nilimtaka kinyozi, lakini nilimtaka na mama yake. Nilitaka na mimi niitwe jina lile ambalo hata paka alipewa bure.

Basi siku moja Mkunga akatangaza kwamba nyumba yake inataka lipu mpya upande wa nje, na kama kuna harusi yoyote, ambayo hakusema ipo, hawezi kupokea wageni kwenye ukuta uliojaa nyufa. Mimi nikasema nitaifanya. Nilisema haraka kiasi kwamba mjomba alinikanyaga mguu chini ya meza.

Sasa ni lazima niueleze ukuta wenyewe, maana bila ukuta hakuna hadithi. Ilikuwa nyumba moja ndefu iliyogawanywa katikati: paa moja, ukuta mmoja wa mbele, milango miwili. Upande wa kushoto Mkunga, upande wa kulia mshonaji wa nguo aliyejulikana kama Bi Cherehani. Walihamia hapo wote wakiwa wake vijana, na inasemekana zamani walikuwa chanda na pete. Ukuta uliowatenganisha kwa ndani ulikuwa mwembamba, na walikuwa wanagongeana: pigo moja, niazime chumvi, mawili, njoo usikie umbea, na kulikuwa na mapigo ya haraka haraka ambayo Bi Cherehani aliyagonga kila uchungu wa uzazi ulipomshika, Mkunga naye akawa anakuja mbio. Watoto wote wa Bi Cherehani walizaliwa kwa kugongwa ukuta.

Kisha ukaja mwaka wa rangi ya manjano. Mkunga alipaka upande wake manjano, na kesho yake Bi Cherehani akaonekana na kopo la manjano ileile. Mkunga akasema ameigwa. Bi Cherehani akasema aliyeigwa ni yeye, kwa kuwa rangi yake alikuwa amekwisha kuinunua na iko uvunguni. Neno likazaa neno. Tangu siku hiyo hawakusemezana tena ila kwa brashi. Mmoja akipaka kijani, mwenzake hupaka buluu. Akija huyu na zambarau, yule hulala hana usingizi mpaka apate waridi. Na si rangi za maji, jamani, rangi ya mafuta, nzito, inayong'aa, juu ya nyingine, mwaka hadi mwaka. Ukuta ule ulikuwa umevaa makoti mengi kuliko mzee mwenye homa.

Mjomba aliuendea asubuhi ya kwanza akaubisha kwa mpini wa nyundo, sikio limebanwa ukutani. Ndivyo anavyoanza kazi yoyote. Husema ukuta mzima hujibu na ukuta mgonjwa hulia kama debe. Akaenda akibisha tangu mlangoni mpaka pembeni, akarudi, akatikisa kichwa. Mawe mazima, alisema, shida ni rangi. Inyolewe yote, kisha ukuta udonolewe kwa nyundo na patasi uwe na vitundu vya kushika lipu, uoshwe, uloweshwe, ndipo tuanze.

Mkunga hakutaka kusikia. Rangi ile ilikuwa jasho lake na ushindi wake, kila tabaka vita alivyoshinda. Alitaka lipu juu ya rangi, basi. Nikamweleza kwamba lipu haishiki juu ya mafuta, ni sawa na kumtaka mtu asimame juu ya sabuni. Akanijibu kwamba yeye amezalisha wanawake kwenye giza na mvua, na hakuna kitu alichoambiwa hakiwezekani ambacho hakikuwezekana. Ningefanya nini? Nikapaka kiraka kimoja karibu na mlango wake, lipu safi, kwa moyo mmoja asije akasema nimefanya hila. Nikakilowesha kila siku mpaka kikakauka vizuri, kizuri kama kigae.

Siku moja akamkaripia yule paka, akabamiza mlango. Kiraka kikashuka chote kwa pamoja, kipande kimoja, kikatua ndani ya beseni alilokuwa ameloweka shuka. Maji yakamrukia usoni. Nilikuwa nimesimama pale pale na nikaona ni heri nimeze ulimi kuliko kucheka.

Mkunga alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Akautazama ukuta, ambao ulikuwa unang'aa kijani pale pale kama haujawahi kuguswa.

"Basi unyoe," akasema. "Lakini nisikilize, Fundi. Ukigusa upande wa yule mwanamke, hata punje, harusi isahau. Mimi siendi kuomba radhi mlango ule. Na nikisema neno silimezi, mtaa mzima unanijua."

Mtaa mzima ulimjua. Mjomba mwenyewe aliniambia mwanamke yule alipata kuapa hatakula sukari mpaka bomba la mtaa litengenezwe, na bomba halikutengenezwa, na mpaka leo anakunywa chai chungu. Kwa hiyo nililala nikiwa na furaha na hofu zimelala kitanda kimoja nami, zikinivuta shuka kila moja kwake.

Tulianza kunyoa. Ah, kunyoa ukuta ule! Nimefanya kazi nyingi lakini raha ile sijaipata tena. Ukiingiza kikwanguo chini ya rangi, inatoka kwa mapande, na kila pande lina mistari pembeni, kijani, waridi, zambarau, kahawia, buluu. Mkunga alitoka na kiti akakaa kutulinda, na kila pande lilipoanguka aliliokota akalitambua. Huu mwaka wa mafuriko. Huu mwaka aliopaka zambarau yule wa ng'ambo akaugua wivu wiki nzima. Mara akaomba kikwanguo ajaribu kidogo tu. Hatukukipata tena. Aling'oa pande kubwa kama mlango wa kabati, likaanguka miguuni pake, akalicheka, akatafuta jingine. Mjomba alibaki ameshika kiuno anamtazama mtu aliyekataa rangi yake isiguswe.

Mpaka wenyewe ulikuwa bomba la maji ya mvua lililoshuka katikati ya nyumba. Hapo ndipo penye tatizo. Bomba lilikuwa linavuja tangu enzi na enzi, na hakuna aliyelitengeneza kwa sababu kila mmoja alisema ni la mwenzake. Likang'oka mwisho, likabaki kovu, na ukuta kushoto na kulia ukafanya ukungu mweusi tititi, upana wa kama vitanda viwili. Ndani ya weusi ule hukuweza kujua kijani kinaishia wapi na waridi ya Bi Cherehani inaanzia wapi. Mjomba alinionyesha kwa kidole kutoka chini: ishia pale penye kovu. Nikasema nimeona.

Niliona kweli. Ila siku hiyo kinyozi alifunga kibanda chake akaja kutusaidia.

Alishika nyundo kama anavyoshika kitana, kwa vidole vitatu. Alipiga pigo moja ukutani, akaomba samahani, sijui alimwomba nani. Mjomba akamnyang'anya akamweka chini ya jukwaa anipasie maji, na hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu alikuwa chini yangu akiniangalia juu, na mdomo wake haukutulia. Akasema sisi wawili kazi yetu ni moja, yeye ananyoa vichwa na mimi nanyoa kuta, na tukipata watoto wataota vipara tumboni. Akasema mtoto wa kwanza ataitwa Patasi. Nikasema kama ni msichana? Akasema basi Brashi. Mimi juu ya mbao nadonoa, ko, ko, ko, nacheka, nasogea, nadonoa tena. Ukungu mweusi unaruka na rangi zote za juu, chini yake inatoka rangi ya manjano, nzuri, imeshika jiwe barabara, na mimi naifuata ile manjano tu, naifuata kama kuku anavyofuata mahindi. Akaniuliza nikiwa mkwe wa mama yake nitamwitaje. Nikasema nitamwita vyovyote mradi aache kuniita Fundi. Na hilo nililisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa lilikuwa linaniuma, na katika kulisema niligeuka nikamtazama, mkono ukiendelea na kazi yake.

Niligutuka nilipoona pazia.

Pazia lenyewe lilikuwa la marinda, la kupendeza, limeshonwa kwa mkono wa mtu anayejua. Mkunga hana mapazia ya marinda. Dirisha likafunguka, na kichwa cha Bi Cherehani kikatoka, nywele nyeupe kwa vumbi, pini zimepangwa mdomoni. Nilikuwa nimedonoa ukuta wake mpaka kwenye kizingiti cha dirisha.

Alizitoa pini moja moja.

"Mwanangu," akaniambia, taratibu kabisa, "hata hodi?"

Moyo wangu ulishuka ukapita jukwaa ukaenda zake. Angetukana ningejua la kufanya, matusi nayajua, nimekulia kwenye ujenzi. Lakini aliniita mwanangu, neno nililolisubiri kwenye mlango wa kushoto, nikapewa kwenye dirisha la kulia siku niliyoharibu kila kitu. Nikaanza kulia nikiwa na nyundo mkononi. Kinyozi chini alikuwa amekishika kichwa chake mwenyewe kama anayetaka kukinyoa.

Mkunga alikuja akazunguka jukwaa, akaangalia. Hakunitazama mimi, aliutazama ukuta. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akasema kwa sauti ya mtaa mzima kwamba hakuna mpaka uliovukwa. Mpaka uko dirishani. Siku zote mpaka ulikuwa dirishani.

Bi Cherehani akauliza kama mwenzake amepatwa na jua. Mpaka uko kwenye kovu la bomba na hata watoto wa chekechea wanajua. Mkunga akasema bomba lilisogea. Bi Cherehani akasema bomba halina miguu. Na mimi, katikati ya machozi, ilinijia kwamba hawa wanasemezana, na kwamba Mkunga, mwanamke asiyemeza neno, alikuwa anausogeza mpaka kwa mdomo wake ili mimi nisiwe nimekosa. Nilimpenda hapo hapo, bila kungoja aniite chochote.

Mjomba ndiye aliyeingilia. Akasema kelele za nini, ukuta wa ndani upo, nao unajua ulipo. Kila mmoja aingie kwake, agonge ule ukuta wa katikati, na yeye akiwa nje na sikio lake atauweka mpaka mahali pake. Waliona aibu kukataa. Mkunga akaingia kushoto, Bi Cherehani akafunga dirisha. Mjomba akabana sikio ukutani, akafumba macho, akainua mkono tunyamaze, na barabara nzima ikanyamaza.

Upande wa Mkunga ukagongwa, ko. Mjomba akasogea hatua kulia. Kimya. Ko, tena. Mjomba akasogea kidogo kushoto, ametabasamu, ameukaribia.

Halafu upande wa Bi Cherehani ukajibu. Haukugongwa ko. Uligongwa kokokoko, kokokoko, haraka haraka, kwa ngumi.

Mlango wa kushoto ukafunguka kwa kishindo. Mkunga akatoka mbio, pekupeku, kanga imefungwa kiunoni kama ya kazi, mikono mbele, akampita mjomba, akampita mwanawe, akaparamia ngazi ya mlango wa kulia ambao hakuwa ameukanyaga miaka na miaka, akaingia bila hodi, huku akiita kwa sauti kubwa, "Nakuja, usisukume, usisukume bado!"

Sisi nje tulitazamana. Kisha kikasikika kicheko, cha mtu mmoja, kisha cha wawili, wanawake wazima wanacheka kama wasichana waliojificha stoo, mmoja akijaribu kusema kitu na kushindwa. Mjomba aliondoa sikio ukutani, akasema mpaka umempotea, na hautafuti tena.

Walitoka wameshikana. Mkunga alikuwa anajifuta machozi na kumpiga mwenzake begani kwa zamu. Alimuuliza ni wazimu gani kugonga namna ile na umri ule. Bi Cherehani akasema hakukusudia, mkono wenyewe ndio uliogonga. "Ukuta ule sijui kuugonga namna nyingine," akasema. Mkunga akasema na miguu yake pia, haikumuuliza.

Ndipo walipoitazama kazi yangu. Vumbi lilikuwa limetulia, na pale nilipodonoa, kushoto kwa kovu na kulia kwa kovu, ilionekana ile manjano ya chini kabisa, moja, imepita mpaka bila kujua kuna mpaka. Ilikuwa rangi ya nyumba walipohamia, wakati wote wawili wakiwa wake vijana na sufuria mbili kila mmoja. Ule mwaka wa manjano hakuna aliyemwiga mwenzake. Kila mmoja, kwa siri yake, alikuwa ameikumbuka rangi hii.

Bi Cherehani akasema basi miaka yote hii walikuwa wanagombania kopo la mwenye nyumba wa kwanza. Wakaanza kucheka upya, na sasa hata mjomba akacheka, jambo ambalo hutokea kama kupatwa kwa mwezi.

Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa bado juu ya jukwaa. Mkunga alipoinua macho akaniona, kicheko kikamwishia polepole, na nikajua amekumbuka neno lake. Alikuwa amesema punje. Pale palikuwa na kilo na kilo za punje. Akamwambia Bi Cherehani, kwa unyonge ambao sijaona tena kwake, kwamba aliapa: msichana akigusa upande ule, hakuna harusi. Na mwenzake anamjua. Anakunywa chai chungu mpaka leo.

Bi Cherehani alinitazama, nina vumbi kichwani, machozi yamechora njia mbili usoni. Akauliza mama yangu yuko wapi. Mjomba akamweleza. Akauliza nitatokea nyumba gani siku ya kuolewa, nani atanishonea, nani atanivika. Mjomba akakuna kichwa, vumbi likamwagika. Hilo hakuwa amelifikiria, mjomba wa watu. Alikuwa amefikiria toroli.

"Sikiliza, Mkunga," akasema Bi Cherehani. "Huyu ameingia kwangu bila hodi. Nani huingia nyumbani bila hodi? Mtoto wa nyumba. Basi ni mtoto wangu. Na mtoto akidonoa ukuta wa kwao, amegusa upande wa nani?"

Mkunga alihesabu jambo lile kichwani, akaligeuza, akalichungulia chini. Halikuwa na ufa.

"Amegusa kwao," akasema.

"Kwao. Upande wangu haujaguswa na mtu. Neno lako liko palepale. Sasa kama unamtaka binti yangu, uje uniombe mimi, na ujipange, maana mimi sitoi binti kwenye nyumba yenye ukuta nusu."

Kinyozi alinishusha jukwaani mwenyewe, akajikwaa kwenye karai, tukaanguka wote juu ya mchanga. Hakuna aliyetujali, wazee walikuwa wamekwisha kuanza kubishana kuhusu sare.

Asubuhi yake nilimkuta Bi Cherehani nje na ndoo na mpira, anaumwagia ukuta wake maji tangu juu hadi chini. Nilipomuuliza akasema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tukaunyoa na ule wake. Mkunga alileta kikwanguo chake, maana sasa alikuwa nacho, na wale wawili walishindana kung'oa mapande na kutambuana: huu ndio waridi uliokunyima usingizi, huo ndio buluu uliokufanya umsonye mwanao. Tukadonoa, tukaosha, tukalowesha. Mjomba akatupia koti la kwanza la maji ya saruji, chwaa, chwaa, na juu yake mimi nikavisha lipu, tangu mlango wa kushoto mpaka pembe ya kulia, kwa mkono mmoja, bila kuunga katikati. Ilipokauka mjomba akapita na mpini wa nyundo akibisha. Ukajibu wote, sauti ile ile, hata pale palipokuwa na bomba. Rangi hawakupaka. Walisema watapaka wakikubaliana, na bado wanabishana.

Lakini jina sikuwa nimelipata. Nilidhani ruhusa ikitoka jina litafuata, na halikufuata. Nikawa mchumba wa mwanawe, binti wa jirani yake, na bado: "Kunywa chai, Fundi." Nilimwambia kinyozi sijali. Nilikuwa najali sana.

Siku ya harusi nilivikwa chumbani kwa Bi Cherehani. Gauni alilishona yeye, likanikaa hata mikono yangu ya saruji ikaonekana ya mtu mwingine. Alikuwa amepiga magoti anarekebisha pindo, pini mdomoni, akinikemea nisitikisike, na mimi natikisika, kwa kuwa nilikuwa nacheka na sijui nacheka nini. Tulipangiwa kutoka baada ya wageni wa upande wa pili kukaa. Safari yenyewe ni mlango kwa mlango, hata viatu visingepata vumbi. Tulikuwa tunangoja mtu aje kutuita.

Hakuja mtu. Ukuta ndio uliogongwa. Kokokoko, kokokoko, haraka haraka, kwa ngumi, kutoka upande wa Mkunga.

Bi Cherehani aliinua uso. Pini zikamwanguka mdomoni. Mwanamke yule aliyekuwa akiitwa kwa mapigo yale maisha yake yote, leo ndiye aliyekuwa anayagonga, na kupitia ukuta mwembamba tukamsikia anasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa kusubiri:

"Mleteni mwanangu."

Nililishika gauni kwa mikono miwili. Hatukutembea, tulikimbia, pekupeku, Bi Cherehani mbele na sindano yake bado imening'inia kwenye pindo langu kwa uzi, na nilipofika mlango wa kushoto niliingia bila hodi.